Msitu Uliopewa Mia

29 Agosti

Kwa miaka ishirini na mitano nimeficha jambo hili: msitu wa Namtuku ulikuwa kijiji, nami niliishi humo.

Nimeliweka mwanzoni kabisa ili hata nikiishia ukurasa huu, atakayesoma awe amepata neno lenyewe. Mimi ni Bernardo, mwalimu mstaafu wa baiolojia, mkazi wa Chiola. Nina miaka themanini na moja, na moyo wangu umepanuka. Juzi daktari aliniambia kwa adabu nzuri kwamba nipange mambo yangu. Nimeyapanga. Mikorosho nimeigawa, na nyumba ni ya Koleta, binti yangu anayeniuguza tangu mama yake afariki. Limebaki hili moja.

Mwaka 1998 alikuja profesa mmoja mgeni na watu wa chuo, wakitafuta msitu wa miombo ambao haujawahi kukaliwa. Niliwapeleka Namtuku, upande wa mpaka wa Ruangwa. Wakati huo kijiji kilikuwa kimehamishwa miaka mingi. Nyumba za udongo zilikuwa zimerudi udongo, mashamba yamefunikwa, na miti mikubwa tuliyoiacha kwa ajili ya kivuli na mizinga ilisimama kama vile haijawahi kumwona mtu. Profesa aliniuliza kama watu wamewahi kuishi pale. Nikasema hapana.

Kwa neno hilo Namtuku ikapewa mia.

Nieleze hiyo mia. Wapo watu wanaopima afya ya dunia nzima: joto la bahari, maji ya mito, misitu, udongo, ndege, wadudu. Kila mahali hupewa alama, na alama zote hukusanywa kuwa kipimo kimoja, kama daktari anavyokusanya joto, damu na mapigo. Lakini huwezi kusema huyu ana homa kama hujui joto la mtu mzima, asiyeumwa, ni lipi. Kwa misitu ya aina yetu, kutoka huku kwetu mpaka ng'ambo ya Ruvuma, mtu mzima huyo ni Namtuku. Misitu mingine yote inalinganishwa nayo, na panapoonekana dalili ya binadamu, alama hupunguzwa.

Sasa shirika linalolipia upimaji limeomba Namtuku ifungwe kabisa. Asiingie mchimba mizizi ya ming'oko, asiingie mrina asali, asiingie mwokota uyoga. Kamati ya kuamua ombi hilo itakaa Novemba, kabla ya mvua. Wazee wenzangu waliohamishwa wamekufa au wametawanyika, na mtu mmoja tu amesimama kupinga, mama mmoja anaitwa Hajra, anayesema pale ni kwao. Wanamwita mwongo.

Nitasema kabla kamati haijakaa. Ndiyo maana naandika, ili nisijipe nafasi ya kurudi nyuma.

2 Septemba

Upepo. Majirani wanamalizia kupulizia mikorosho salfa, na vumbi lake limeingia mpaka kwenye shuka. Nimekohoa mchana kutwa.

9 Septemba

Edina amekuja. Ni mtafiti wa chuo, mzaliwa wa Mtua, na baba yake nilimfundisha. Yeye ndiye anayesimamia upimaji sasa. Alipiga goti, akaniamkia shikamoo Mwalimu, kisha akakaa kwenye mkeka kama mtoto wa nyumbani, ingawa muda wote macho yake yalikuwa kwenye kompyuta.

Sikumpenda mwanzoni, naandika kweli. Alinisomea unene wa miti kama mtu anayesoma bei. Kila mti una kibati chenye namba, na kila mwaka huzungushiwa tepu usawa wa kifua. Alisema miti ya Namtuku inanenepa kuliko miti ya misitu mingine yote kwenye kipimo. Wenzake wa nje wanasema huo ndio ushahidi kwamba msitu ukiachwa bila mtu unastawi.

Nikasema moyoni: Mti mzee haunenepi hivyo. Anayenenepa ni kijana.

Kisha akafungua ramani ya kiwanja cha upimaji. Akaweka kidole kwenye kona ya kaskazini.

"Mwalimu, viwanja vyote ni vya pembe nne. Hiki kina tano. Kona hii imekatwa. Kuna nini?"

"Nyuki."

"Tangu mwaka tisini na nane?"

"Nyuki wakipata pango zuri hawahami."

Akacheka, akasema basi na hao waandikwe, maana nyuki huongeza alama. Nikacheka naye. Alipoondoka nilibaki nimeshika mkono wa kiti mpaka vidole vikauma.

Marehemu mke wangu Serafina, kila niliporudi kutoka Namtuku kuwasaidia watu wa chuo kupima, alikuwa na swali moja. Hakuuliza kuhusu ndege wala miti. Aliuliza, "Pako salama?" Nami nilijibu, "Pako salama." Akaendelea na kazi zake.

10 Septemba

Miguu imevimba. Sikutoka.

17 Septemba

Hajra amekuja bila kubisha hodi, kama kawaida yake. Ukoo wake na wangu ni watani, na kwa mtani mlango huwa haufungwi. Alikuta Koleta ananilisha uji.

"Mtani, bado hujafa tu? Nimeshanunua khanga ya msiba, nondo wataimaliza."

Koleta akasema shangazi Hajra, mgonjwa asichekeshwe, atapaliwa. Hajra akamwambia asiwe na wasiwasi, roho ya mwalimu ni ngumu kama chaki ya zamani. Kisha akavuta kigoda karibu yangu, na sauti yake ikashuka.

"Kamati inakaa. Nimewaambia nimezaliwa Namtuku. Wanasema vitabu vyao vinasema hakuna aliyezaliwa Namtuku. Sasa mimi nimezaliwa wapi, mtani? Niliota?"

Nikamwambia mambo ya kamati yana utaratibu. Jibu la kipumbavu. Akasema kwamba siku nitakayokufa, kwa haki yake ya utani, atashuka kaburini kwangu na kulala humo, na hatatoka hata akipewa kuku, mpaka mtu aseme kwao ni wapi. Koleta alicheka mpaka akamwaga uji. Hajra hakucheka.

Siku zote nilimwona mama huyu kama mtu wa kelele. Leo, alipokuwa akitoka, niliona kwamba hajasema hata robo ya anayoyajua.

26 Septemba

Wamemkamata Hajra. Masoudi, mwanawe mwenye bajaji, ndiye aliyeleta habari. Walinzi wa msitu walimkuta Hajra na wanawake wengine wawili wakichimba ming'oko ndani ya Namtuku. Hii ni mizizi ya porini tunayoila kiangazi, wakati ghala limepungua. Unachimba pembeni, unakata mzizi, unaacha kichwa chake ardhini, unarudishia udongo na kuushindilia kwa mguu ili uote tena. Mwanamke asiyerudishia udongo anasemwa kisimani mpaka ajute. Kwa walinzi, hata hivyo, shimo ni shimo. Wameandika "uharibifu" na kupiga picha.

Wamewaachia jioni. Majembe na mtaimbo vimebaki kwa walinzi. Masoudi alisimama mlangoni kwangu na kofia yake mkononi.

"Mzee, mama kaniambia nisikuambie kitu. Ila mimi nakuuliza tu. Wewe ulikuwa unafundisha wapi kabla ya Chiola?"

Nikamwambia nilikuwa nafundisha sehemu nyingi.

"Poa, mzee," akasema, akawasha bajaji yake.

Nimeandika haya nikihisi joto la aibu usoni kabisa. Nilifundisha Namtuku. Darasa langu, lililojengwa kwa miti na udongo, lilisimama mahali penye mti wenye kibati namba thelathini na moja.

4 Oktoba

Mkutano wa kijiji umefanyika. Koleta alikwenda, akanisimulia wakati ananikanda miguu.

Mwenyekiti, Isihaka, ni mtu mwema anayetaka kila jambo liishe kabla ya adhuhuri. Alimwambia Hajra atoe ushahidi mmoja tu kwamba watu waliishi Namtuku, naye ataufikisha kwenye kamati. Hajra akataja kisima. Kimefukiwa. Akataja mti wa msolo, ambao wazee walikuwa wakiweka unga chini yake wakati wa matambiko. Mtu wa shirika akasema msolo huota popote. Akataja makaburi ya wazee wake. Akaulizwa yako wapi, naye akakiri kwamba yalikuwa matuta ya udongo bila alama, na sasa hata yeye hawezi kuweka mguu na kusema ni hapa.

"Kwa hiyo hakuna ushahidi," Isihaka akasema.

Hajra akajibu: "Upo mmoja. Ila si wangu kuuonyesha."

Watu walicheka. Koleta naye alinisimulia huku akitabasamu, akasema shangazi wa watu anazeeka vibaya. Nikamwambia aache mguu, inatosha.

5 Oktoba

Sikulala. Nitasema.

7 Oktoba

Joto kali. Moshi wa mashamba yanayochomwa umefunika upande wote wa Kilimarondo, na jua limekuwa jekundu tangu saa tisa. Koleta anasema tembo wameingia mashambani huko. Padre amepita na kunipa mafuta ya wagonjwa. Nilimwungamia mengi. Hili nilimwambia nawatunzia wanaohusika nalo.

12 Oktoba

Nimesema.

Edina alikuja mchana, peke yake, bila kompyuta. Alikaa mkekani, akaanza na habari ya vinasa sauti. Ni visanduku vidogo wanavyofunga mitini ili kusikiliza msitu usiku na mchana, maana ndege na wadudu nao ni sehemu ya afya. Kimoja kilifungwa karibu na kona ya kaskazini.

"Nimekisikiliza chote, Mwalimu. Kuna kwale, kuna vyura wa bwawani, kuna mtu anakohoa mara moja. Hakuna nyuki."

Vifaa vyao vizuri. Vilinikamata nikiwa kitandani.

Nikamwambia. Nikamwambia kijiji kilikuwa na nyumba zipatazo arobaini, na nani alikaa karibu na nani. Nikamwambia njia ya kisimani ilipita kati ya mti namba tisa na namba kumi, na ndiyo sababu pale hadi leo pana bonde dogo wanaloliita mkondo wa maji kwenye ramani. Nikamwambia tulihamishiwa Chiola mwaka 1974, katika siku chache, na nyumba zilibomolewa ili tusirudi. Nikamwambia kwamba hata baada ya hapo wanawake wetu hawakuacha kuingia kuchimba ming'oko na wanaume kutega mizinga. Hakuna mwaka ambao Namtuku ilikaa bila mtu. Miti inanenepa kwa sababu inaota kwenye mashamba yetu.

Nilipomaliza, nilimwona si yule mhesabu wa mwezi uliopita. Alikuwa kama mtu aliyeambiwa nyumba aliyojenga imesimama juu ya kisima.

"Mwalimu," akasema taratibu, "hii ndiyo mia yetu. Shahada yangu nimeifanya juu yake. Tumepunguzia alama kila kijiji kilicho ndani ya miombo kwa sababu ya huu msitu mmoja."

"Najua."

"Kwa hiyo hatujui joto la mtu mzima ni lipi."

"Hamjui. Mnatakiwa mjifunze upya. Mimi sina muda, wewe unao."

Aliniuliza kwa nini nilimdanganya profesa. Nikamwambia niliogopa kazi, niliona heshima, nilitaka kuwapendeza wageni. Alikubali jibu hilo kwa sababu linafanana na watu.

Kisha akasema jambo ambalo sikulitazamia. Neno langu halitatosha. Picha za zamani za kutoka angani alizoziona zinaonyesha vilele vya miti tu. Mkaa uliomo udongoni unaweza kuwa wa moto wa porini. Kamati watasema mzee anaumwa na anamwonea huruma jirani yake. "Nakuamini," akasema, "lakini siwezi kuandika imani. Nipe kitu kinachoshikika."

Kipo. Nilifunga mdomo wangu hapo hapo.

13 Oktoba

Edina ameieleza kamati kama alivyoahidi. Jibu limekuja kwa Isihaka, na Isihaka mwenyewe amekuja kunijulia hali. Alizunguka sana na maneno ya heshima. Mwisho akasema wazee wanaheshimiwa, ila ugonjwa huu wakati mwingine hupanda kichwani. Koleta alimsindikiza. Niliwasikia uani, binti yangu akimwambia kwamba ni kweli, baba siku hizi anachanganya mambo, anaongelea vijiji ambavyo mama hakuwahi kuvitaja hata siku moja.

Hakuvitaja kwa sababu tuliahidiana. Nilidhani kusema ndiyo kazi ngumu. Kumbe kusema kulikuwa rahisi, nami nimesema nikiwa nimechelewa.

21 Oktoba

Hospitali tena. Maji yamejaa kifuani. Daktari kijana alinipima joto, presha, mapigo, akanichukua damu. Baada ya vyote hivyo akaweka kalamu chini na kuniuliza nimewahi kuugua nini utotoni, nimeishi wapi, nimefiwa na nani. Nikamuuliza ya nini, wakati namba anazo. Akasema, "Namba bila historia zinadanganya, mzee. Mapigo haya kwa mtu mwingine ni ya kawaida."

Swali la nimefiwa na nani sikulijibu lote.

22 Oktoba

Nimerudi nyumbani. Nakojoa kama mtoto kwa sababu ya dawa.

1 Novemba

Korosho zinadondoka kwa wingi. Tangu alfajiri nasikia Koleta na majirani wakiokota na kunyonyoa mabibo, harufu yake imejaa uwanja mzima. Kamati itakaa tarehe ishirini. Edina amenitumia ujumbe kwa simu ya Koleta akiuliza kama nimekumbuka chochote cha kushikika. Sijajibu.

9 Novemba

Nilimtuma Masoudi amlete mama yake. Nilimwomba Koleta aende dukani, aende mbali.

Nikamwambia Hajra: wewe unajua kilipo. Wewe ulikuwa msichana wa miaka kumi na mitano, ulichota maji siku ile. Wapeleke Edina na Isihaka, uwaonyeshe, mimi nitakubali kwa kichwa tu. Sina nguvu.

Alikunja na kukunjua pindo la khanga yake.

"Wamechukua jembe langu," akasema. "Wameniita mwongo mbele ya wajukuu zangu. Ningetaka kuonyesha ningeonyesha siku ile ile, kabla uji wako haujapoa. Baba yangu alinikataza. Alisema cha mtu huonyeshi. Utamwachia mpaka mwenyewe aweze."

"Na kama mwenyewe anakufa?"

"Basi afe akiwa njiani anakwenda, mtani. Masoudi atakubeba. Mimi nitakaa kando."

Kwa miaka yote hii nimemtazama mama huyu akipita barabarani na kikapu, nikasema moyoni kwamba anatamani msitu. Angeweza kuupata kwa kunyoosha kidole. Hakunyoosha.

Kwa mkono wangu mwenyewe nimemwandikia Edina ujumbe kwenye simu. Imenichukua muda mrefu kupata herufi. Tunakwenda Namtuku tarehe kumi na nane, aje na mwenyekiti.

10 Novemba

Koleta amekataa. Amesema ninataka kumfanya amuue baba yake porini.

11 Novemba

Koleta bado amekataa. Nimeacha kula mpaka akubali. Ni mchezo wa kitoto, najua, lakini sina silaha nyingine.

12 Novemba

Amekubali. Nimekula ugali na mlenda, mwingi.

16 Novemba

Mawingu upande wa Ruangwa. Ngurumo mbili, hakuna tone. Mvua ikitangulia, bajaji haitapita mbugani. Ngoja, ngoja kidogo.

18 Novemba

Tumekwenda na tumerudi. Naandika nimelala, Koleta ameniwekea mito mgongoni.

Masoudi alinifunga kwenye kiti cha bajaji kwa khanga ya mama yake, akaniambia, "Mzee wangu, leo wewe ni mzigo wa thamani, nitaendesha kama nimebeba mayai." Aliendesha hivyo hivyo. Koleta alinishika bega njia nzima. Hajra alipanda pikipiki, akatupita akituimbia kwamba wamebeba maiti inayopumua. Nilimpungia mkono.

Mwisho wa njia Edina na Isihaka walikuwa wanatungoja, pamoja na walinzi wawili. Mlinzi mmoja alikuwa na mtaimbo wa Hajra. Isihaka alikuwa amemwambia aulete. Hajra aliupokea, akaugeuza kuutazama kama umepinda, hakusema asante.

Walinibeba juu ya kiti. Sijaingia Namtuku kwa miaka sita. Miti ya pembeni ilikuwa imeanza kutoa majani mapya, mekundu, kabla ya mvua, kama miombo inavyofanya kila mwaka bila kumuuliza mtu. Niliwaongoza kwa mkono. Hapa kwa mzee Salimu. Hapa darasa. Edina alikuwa akisoma namba za vibati kwa sauti ndogo huku nikimtajia majina ya watu, na baada ya muda nikasikia ameacha namba, anarudia majina.

Tukafika kona iliyokatwa. Nikasema, "Niwekeni chini."

Nimechoka. Yaliyobaki kesho, kama kuna kesho.

20 Novemba

Kuna kesho, na kesho kutwa. Mvua imeanza jana jioni, imenyesha mpaka asubuhi, na bati linapiga kelele hivi kwamba Koleta hasikii nikimwita.

Naanza na yaliyotokea leo. Kamati imekaa. Isihaka amepita akiwa amelowa mpaka viatuni, akasema haiwezekani tena kuandika kwamba Namtuku haijawahi kukaliwa, kwa hiyo ombi la kuifunga limerudishwa, na wanawake wataingia kuchimba kama zamani. Edina ameniaga. Ameshawaandikia wenzake kwamba mia ile ifutwe, na kwamba msitu waliodhani umepona kwa kukosa watu umeota upya ndani ya miaka hamsini watu wakiwa wanaingia na kutoka. Kazi yake ya miaka mingi itabidi aianze tena. Nilimwomba radhi. Akasema, "Nitapima upya, Mwalimu. Safari hii nitaanza kwa kuuliza." Hajra naye alituma ming'oko ya kuchemsha na salamu kwamba sasa anaweza kunizika bila ugomvi, nisijisumbue kuchelewa.

Sasa ile kona.

Waliponiweka chini, Hajra alikwenda akakaa chini ya mti, akatupa mgongo. Isihaka akamuuliza mbona hatazami. "Mwenyewe yupo," akasema. Mlinzi alitaka kutumia jembe. Nilikataa. Masoudi alipiga magoti na kuondoa majani kwa mikono, majani makavu ya miaka yote, kisha udongo mweusi, kisha vidole vyake vikakwaruza kitu kigumu.

Saruji. Mfuko mmoja, nilioubeba kwa baiskeli kutoka Nachingwea. Babake Hajra ndiye aliyechimba, kwa sababu ndiyo kazi ya mtani, Hajra akachota maji, na mimi ndiye niliyeimwaga. Imepasuka katikati, mzizi umepita, lakini haijavunjika. Edina alikuwa na tepu mkononi. Aliikunja, akaiweka chini.

Koleta alilowesha pindo la khanga yake kwa maji ya kunywa, akafuta. Herufi niliziandika kwa msumari saruji ikiwa mbichi: jina, 1970, 1973. Isihaka akavua kofia. Koleta akasoma kwa sauti, mara mbili, kwa sababu la pili ni jina langu na lake.

"Kassian Bernardo," akasema. "Baba, Kassian ni nani?"

Edina nilimwambia niliogopa kazi. Padre nilimwambia nawatunzia wanaohusika nalo. Daktari sikumjibu. Binti yangu alikuwa amepiga magoti, mikono yake ina udongo, ananitazama, na nyuma yake Hajra bado ametupa mgongo.

Nikamwambia: Ni kaka yako. Surua ilimchukua akiwa na miaka mitatu, na mwaka uliofuata tulihamishwa tukamwacha. Mashamba ya ufuta yalipoanza kusogea huku na matrekta, mama yako aliacha kulala. Ndipo akaja mtu anayepima dunia, akasema mahali atakapopachagua hapatalimwa kamwe. Nikamwambia hapajawahi kuishi mtu hapa, ili mwanangu asilimwe.